Pikipiki Ikikataa Kuwaka: Tuitazame Swichi ya Klachi Kabla ya Kuweka Dairekti

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vyenye pikipiki ya mradi)

  Leo hatutazungumza juu ya mikopo wala juu ya mbuzi wa maziwa. Tutazungumza juu ya kitu kidogo kisichozidi kidole gumba, kilichofichwa chini ya mkono wa klachi wa pikipiki. Wengi wetu tuna pikipiki na hatujawahi kukiona. Lakini kikiharibika, pikipiki ya kikundi hulala. Na kikitengenezwa vibaya, mtu aweza kuvunjika mguu.

Mwajua kwamba boda boda ya kwanza ilikuwa baiskeli, kule mpakani Busia, miaka ya 1960. Baiskeli haina betri wala stata. Ikiharibika, unaona kwa macho: mnyororo umekatika, au gurudumu limetoboka. Mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki zilienea, zikafika hata vijijini kwetu. Vikundi vikaweka akiba, vikachangishana kwa merigoraundi, vikanunua pikipiki ya mradi. Hilo ni jambo jema. Ila pikipiki ilikuja na umeme wake, na umeme hauonekani. Hapo ndipo wengi wetu tumemwachia fundi kila kitu.

Sasa tuseme hivi. Ni asubuhi, abiria wanangoja. Kijana anabonyeza kitufe cha stata, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Fundi anaitwa. Anachungulia chini ya mkono wa klachi, anachomoa nyaya mbili, anazisokota pamoja, anazungusha utepe. Kitufe kikibonyezwa, injini inanguruma, na watu wote wanafurahi. Mafundi huiita kazi hiyo "kuweka dairekti". Fundi analipwa, kijana anaenda kutafuta hesabu ya siku.

Hakuna aliyeuliza: je, kile kilichoondolewa kilikuwa na kazi gani?

KAZI YA SWICHI HII

Pikipiki nyingi zenye stata ya umeme huwa na walinzi wawili. Mlinzi wa kwanza yuko kwenye giaboksi. Huyu anajua kama gia haijaingia, yaani kama pikipiki iko nyutro. Ndiye anayewasha ile taa ya kijani yenye herufi N. Mlinzi wa pili yuko chini ya mkono wa klachi, upande wa kushoto. Huyu anajua kama mkono umebanwa.

Ukibonyeza kitufe cha stata, umeme mdogo hutoka kwenda kuamsha relei, ile iliyo karibu na betri. Relei ikiamka hupiga "tak", ndipo umeme mkubwa wa betri huenda kwenye mota ya stata na kuzungusha injini. Lakini ule umeme mdogo haupiti mpaka mmoja wa wale walinzi wawili aseme, "Pita, ni salama." Kama pikipiki iko nyutro, unapita. Kama gia imeingia lakini klachi imebanwa, unapita. Kama gia imeingia na klachi haijabanwa, haupiti.

Kwa nini? Kwa sababu gia ikiwa imeingia na klachi haijabanwa, injini na gurudumu la nyuma vimefungwa pamoja. Stata ikizungusha injini, inasukuma na gurudumu. Pikipiki itaruka mbele, hata kabla injini haijawaka. Ikiwaka wakati huo huo, itaruka zaidi.

Pikipiki hazifanani zote. Ziko zinazotaka klachi ibanwe kila mara, hata kama ziko nyutro. Ziko ambazo zina swichi nyingine tena kwenye stendi ya pembeni. Na ziko ambazo hazina swichi ya klachi kabisa. Usitazame jina lililoandikwa kwenye tanki. Tazama chini ya mkono wa klachi: ukiona kitu kidogo cha plastiki chenye pini, na nyaya mbili zinatoka, basi inayo. Kama mna kile kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki, msikiache kiliwe na panya. Humo mmeandikwa namna pikipiki yenu inavyotakiwa kuwashwa. Pikipiki za betri zinazoonekana siku hizi hazina klachi, kwa hivyo maneno haya hayazihusu.

SWICHI INAUJUA MKONO TU

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu hata waendeshaji wa siku nyingi hulisahau neno hili. Swichi ile haiijui klachi yenyewe. Klachi iko ndani ya injini. Swichi inajua jambo moja tu: kwamba mkono umevutwa.

Kwa hivyo kama kebo ya klachi imelegea sana, au imekatika, ukivuta mkono swichi itasema "pita", na kumbe klachi haijaachia. Pikipiki itaruka ingawa umebana mkono mpaka mwisho. Ndiyo maana kebo yapaswa kutazamwa pamoja na swichi. Mkono uwe na mchezo kidogo tu kabla haujaanza kuvuta kebo. Ukiwa na mchezo mwingi, rekebisha. Ukiona nyuzi za kebo zimeanza kukatika pale kwenye kichwa chake, badilisha, usingoje ikuache njiani.

Na ndiyo maana mazoea mazuri ya kuwasha pikipiki hayategemei swichi: kwanza weka nyutro, halafu bana klachi, halafu shika breki, ndipo ubonyeze kitufe. Swichi ni ya siku ile utakayosahau.

KUTAFUTA KOSA HATUA KWA HATUA

Pikipiki ikinyamaza, msikimbilie waya. Jiulizeni maswali haya kwa utaratibu.

Kwanza, je, kuna umeme? Fungua ufunguo, piga honi, washa indiketa. Kama honi inalia kwa sauti ya mgonjwa na taa zimefifia, shida ni betri au vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu nyeupe. Kama hakuna kitu kabisa, tazameni fyuzi. Na kama pikipiki yenu ina ile swichi ya kuzima injini kwenye usukani upande wa kulia, hakikisheni haikuguswa na mtoto. Tunajua mtacheka, lakini mafundi wamelipwa mara nyingi kwa kurudisha swichi hiyo tu.

Pili, sikilizeni. Relei ikipiga "tak" moja na injini isizunguke, au ikipiga "tak-tak-tak-tak" kwa haraka, basi swichi ya klachi haina kosa. Umeme mdogo umeshapita. Tafuteni kwenye betri, kwenye vichwa vyake, au kwenye mota ya stata. Vilevile kama injini inazunguka lakini haishiki moto, kosa si swichi hii. Tafuteni kwenye petroli, plagi na kabureta. Swichi ya klachi ikikata, dalili yake ni kimya.

Tatu, wekeni nyutro mpaka taa ya kijani iwake. Bonyezeni kitufe bila kubana klachi. Halafu jaribuni tena mkiwa mmebana klachi. Kisha simamisheni pikipiki kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani, pasiwe na mtu mbele wala karibu na mnyororo. Ingizeni gia ya kwanza, baneni klachi mpaka mwisho, shikeni breki, mbonyeze kitufe. Ikiwaka, zimeni kwa ufunguo kabla ya kuachia klachi.

Sasa soma majibu. Ikiwa inawaka kwenye nyutro bila klachi, lakini inanyamaza kwenye gia hata klachi ikibanwa, basi betri ni nzima, kitufe ni kizima, relei ni nzima. Kosa liko kwenye swichi ya klachi au nyaya zake, au ile ya stendi ya pembeni kama ipo. Ikiwa inawaka klachi ikibanwa tu, na kwenye nyutro bila klachi inanyamaza, huenda ni mlinzi wa giaboksi. Ila kumbukeni zile pikipiki ambazo zimeumbwa hivyo. Ikiwa inanyamaza kwa njia zote, usiilaumu klachi upesi. Huenda ni kitufe chenyewe, au fyuzi, au relei.

Mnaona? Bila spana hata moja, tumeshajua mahali pa kutafuta. Na mnaweza kumwambia fundi, "Fundi, kwenye nyutro inawaka, kwenye gia haiwaki." Fundi akisikia hivyo atajua anaongea na wenye mali.

KIPIMO CHA TOCHI

Si kila mmoja ana mita ya kupimia umeme. Lakini karibu kila nyumba kuna tochi ya zamani. Chukueni balbu ndogo ya tochi na betri zake mbili kavu. Fungeni betri hizo zifuatane kama zilivyokaa ndani ya tochi. Waya mmoja utoke kwenye betri uende kwenye balbu. Kutoka kwenye balbu utoke waya mwingine ulio wazi mwishoni, na kutoka upande wa pili wa betri utoke waya wa tatu, nao uwe wazi mwishoni. Ncha mbili zikigusana, balbu inawaka. Zikiachana, inazima. Hicho ndicho kipimo chenu, na fedha zake ni kidogo.

Zimeni ufunguo wa pikipiki. Chomoeni zile nyaya mbili kutoka kwenye swichi ya klachi, taratibu, kwa kushika kichwa cha waya wala si waya wenyewe. Gusisheni ncha za kipimo kwenye vichuma viwili vya swichi, si kwenye nyaya zinazokwenda kwenye pikipiki. Halafu mwenzako avute mkono wa klachi na kuuachia, mara kadhaa.

Kwenye pikipiki nyingi balbu itawaka mkono ukivutwa na kuzima mkono ukiachiliwa. Ziko zinazofanya kinyume. La muhimu ni mabadiliko: mkono ukitembea, balbu ibadilike. Ikikaa imezima daima, au ikikaa inawaka daima, swichi ina kosa. Ikiwakawaka na kusita, ni uchafu au kichuma kimechoka.

Swichi ikiwa nzima, fuateni nyaya. Mara nyingi hushuka kutoka kwenye usukani hadi nyuma ya taa kubwa ya mbele. Usukani ukigeuzwa kushoto na kulia kila siku, waya hukatika ndani, na ngozi yake ya plastiki inabaki nzima. Mkipata kiungio cha nyaya hizo nyuma ya taa, kichomoeni, nyaya za juu zikiwa zimerudishwa kwenye swichi, na mpime hapo. Mwenzako abane klachi huku akigeuza usukani polepole. Balbu ikipepesa usukani unapogeuka, mmepata mahali palipokatika.

KUSAFISHA NA KUBADILISHA

Barabara zetu ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na vijana huosha pikipiki mtoni au kwa mashine ya maji yenye nguvu. Pini ya swichi ikijaa tope hukwama. Kwa hivyo kabla ya kununua kitu, futeni kwa kitambaa kikavu na mswaki wa zamani. Bonyezeni pini kwa kidole: iingie na kurudi yenyewe. Sugueni vichuma kidogo kwa msasa laini mpaka ving'ae, mvirudishe vikaze. Msioshee kwa petroli karibu na betri iliyounganishwa, kwa maana cheche moja inatosha.

Tazameni pia mkono wenyewe. Pikipiki ikianguka, mkono huvunjika na kununuliwa mwingine. Mkono usio wa aina hiyo huenda usifike kwenye pini, au ukaibana daima. Swichi ikalaumiwa bure.

Kama swichi imekufa, pelekeni ile ya zamani dukani. Linganisheni urefu wa pini, matundu ya skurubu, na idadi ya nyaya. Na mkiwa na kipimo chenu cha tochi mfukoni, pimeni ile mpya mbele ya mwenye duka kabla ya kulipa. Hiyo si kumdharau mtu. Hata maharagwe tunayaonja kabla ya kununua gunia.

DAIREKTI INA HATARI GANI?

Sasa turudi kwa zile nyaya zilizosokotwa. Nyaya zikiunganishwa kwenye pikipiki nyingi, ni kama kumwambia mlinzi aseme "pita" mchana na usiku. Hata gia ikiwa imeingia, hata kama hakuna aliyebana klachi, kitufe kikibonyezwa stata itasukuma.

Kijana aliyeweka dairekti asubuhi anajua. Lakini pikipiki ya kikundi haina mtu mmoja. Jioni anaichukua mwingine. Anasimama pembeni yake, kama wengi wanavyozoea, ananyoosha mkono, anabonyeza kitufe apashe injini moto. Gia ilikuwa imeachwa ndani. Pikipiki inaruka kutoka kwenye stendi, na mbele yake kuna mama aliyekuwa akingoja kubebwa kwenda kliniki.

Au ni nyumbani. Ufunguo umeachwa. Mtoto anapanda pikipiki acheze dereva, na kile kitufe kizuri kiko karibu na kidole chake.

Sheria ya trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, yataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja tu. Tuitii. Lakini helmeti haimlindi mtu aliyesimama mbele ya pikipiki inayoruka. Huyo analindwa na mazoea ya mwendeshaji na kile kidude cha plastiki.

Wengine watasema, "Pikipiki nyingine hazina swichi hii na watu wanaziendesha." Ni kweli. Lakini mwenye pikipiki hiyo anajua kwamba haina, na amejizoeza tangu siku ya kwanza. Hatari kubwa ni ya yule anayefikiri mlinzi yupo na kumbe amefukuzwa.

MKO NJIANI NA SPEA HAKUNA

Twaelewa maisha. Swichi yaweza kufa mbali na duka, siku ya soko, na mgonjwa akiwa nyuma. Je, mfanye nini?

Kama pikipiki yenu inakubali kuwaka kwenye nyutro bila klachi, basi hamhitaji dairekti. Swichi ikifa kwa kukata, acheni hivyo hivyo. Wekeni nyutro, taa ya kijani iwake, wakeni, endeleeni na safari. Injini ikizima mkiwa kwenye gia, rudini nyutro, wakeni tena. Ni usumbufu kidogo tu. Na kama pikipiki ina kiki ya mguu, na nyingi za huku kwetu zinayo, wekeni nyutro mpige kiki. Kwa kawaida swichi hii huzuia stata ya umeme tu, wala haizuii kiki.

Nyaya zilizochomoka msiziache zikining'inia. Kila ncha ifungwe utepe peke yake, zisigusane wala zisiguse chuma. Hapo mmeacha mlango umefungwa, na huo ndio upande wa salama. Dairekti ni kuacha mlango wazi.

Na kama fundi ameshaunganisha, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, isiwe siri. Kadi ifungwe kwenye usukani yenye maneno: "Klachi ni dairekti. Nyutro kwanza." Iandikwe kwenye daftari, na tarehe, na siku ya kununua swichi. Mwendeshaji awe mmoja mpaka siku hiyo, na ufunguo ulale kwake, si kwenye pikipiki.

KOSA LINALONYAMAZA

Swichi ikifa kwa kukata, pikipiki hukataa kuwaka, nasi twajua siku hiyo hiyo. Lakini swichi yaweza kukwama ikisema "pita" daima. Hapo pikipiki inawaka vizuri kila asubuhi. Hakuna anayelalamika. Ni sawasawa kabisa na dairekti, ila hakuna aliyeiweka.

Kwa hivyo mara moja kwa mwezi jaribuni hivi. Stendi ya katikati, gurudumu la nyuma hewani, watu wakae mbali, hasa watoto. Ingizeni gia ya kwanza. Shikeni breki. Bila kubana klachi, gusa kitufe cha stata kidogo tu na uachie. Kukiwa kimya, mlinzi yuko kazini. Injini ikizunguka, ama swichi imekwama, ama kuna mtu aliyeunganisha waya, ama pikipiki yenu haikuumbwa nayo. Tafuteni mjue ni lipi kati ya hayo matatu. Kama pikipiki haina stendi ya katikati, msijaribu hivyo. Tumieni kipimo cha tochi.

KAZI YA KAMATI, NA NENO KWA KINA MAMA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila pikipiki ya mradi iwe na daftari lake: siku ya kubadilisha oili, siku ya kukaza mnyororo, spea iliyonunuliwa, na jina la fundi. Kila waya ulioguswa uandikwe.

Kisha kamati ijichunguze. Mara nyingi si kijana anayetaka dairekti. Ni sisi tunaomdai hesabu jioni hata siku ambayo pikipiki ililala. Kijana akiona hivyo atachagua njia ya mkato, na fundi atampa anachotaka. Tukikubaliana kwamba siku ya matengenezo hakuna hesabu, na mweka hazina akiwa na fedha kidogo za spea zilizotengwa, kijana hatakuwa na sababu ya kuficha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hospitali ni ghali.

Nanyi kina mama, wengi wenu mmechangia pikipiki hii ingawa hamuiendeshi. Msiseme, "Hayo ni mambo ya mafundi." Si lazima ujue kushika spana. Yatosha kumwuliza mwendeshaji wako maswali matatu: "Je, swichi ya klachi inafanya kazi? Uliipima lini? Kuna waya wowote ulioungwa dairekti?" Kijana mzuri atajibu bila kukasirika. Akibabaika, kikao kijacho kina ajenda.

Fundi naye si adui. Anafanya anachoombwa. Tukimwambia "iwake tu", ataiwasha tu. Tukimwambia "tafuta kosa, tutangoja", atatafuta.

MASWALI YA KUJADILIANA MKIKUTANA

1. Je, pikipiki ya kikundi chetu ina swichi ya klachi? Nani kati yetu ameiona kwa macho yake?

2. Pikipiki ikilala siku moja, nani anabeba hasara: mwendeshaji peke yake, au kikundi chote? Je, mpango wetu wa sasa unamsukuma kijana aseme ukweli au afiche?

3. Tunaweza kutengeneza kipimo cha tochi leo, kabla ya kuagana? Nani ana betri mbili?

4. Ni nani atakayetunza daftari la pikipiki, na ni nani atakayelikagua?

5. Tufanye nini na pikipiki nyingine za hapa stejini ambazo si zetu, lakini watoto wetu hupita mbele yake kila asubuhi wakienda shule?

Msijibu yote kwa siku moja. Chukueni la kwanza, mtoke nje pamoja, wazee na vijana, mzunguke pikipiki, mwiname mchungulie chini ya ule mkono wa klachi. Atakayekiona kile kidude kwanza awaonyeshe wengine.